Nusu ya Nyumba Bila Moto

Kifaranga aliyeshikwa na baridi ana mlio wake. Si mlio wa njaa, wala si ule wa kuitana. Ni mlio mwembamba, mkali, usiopumzika, na wakilia mia kwa pamoja hakuna anayepata usingizi ndani ya nyumba. Niliujua mlio huo usiku mmoja wa mwezi wa Julai, hapa Bukene, na mpaka leo nikiusikia hata kwa jirani nasimama.

Vifaranga walifika saa mbili usiku. Walitoka Mwanza kwa basi hadi Nzega, na kutoka Nzega wakaletwa nyuma ya gari dogo linalopakia abiria wa Bukene. Walikuwa 102: 100 niliowalipia na 2 wa nyongeza, kama ilivyo desturi ya wauzaji. Boksi lao lilikuwa la karatasi ngumu, limetobolewa matundu pande zote, na ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25 au 26. Niliutazama mgawanyo ule nikadhani ni wa kurahisishia kuhesabu. Kumbe somo lote nililokuja kulipia lilikuwa mle ndani ya boksi: watoshe kupashana joto, wasizidi hata wakakanyagana, na hewa ipite juu ya vichwa vyao.

Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, Mama Mkwe, na mapacha wangu wa miaka 9 ambao, kama mapacha wengi wa Unyamwezi na Usukuma, walikuja duniani na majina yao, Kulwa aliyetangulia na Doto aliyefuata. Baba yao alikuwa Isaka kwenye kazi zake. Mpango wa kuku ulikuwa wangu. Nilitaka chotara wa kuuza, nipate ada za shule na mabati ya kuezekea jiko. Kuku wa kienyeji nimewalea tangu nikiwa binti, kwa hiyo niliamini najua kuku. Nilichojua kilikuwa kuku wenye mama.

Kifaranga wa mashine hana koo wa kumfunika. Anapototolewa, sehemu ya kiini cha yai inakuwa imeingia tumboni mwake, nayo humlisha kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana anaweza kusafiri kutwa nzima bila kula wala kunywa. Lakini akiba hiyo si blanketi. Mwili wa kuku mkubwa una joto la nyuzi 41 hivi, na kifaranga aliyevaa manyoya laini tu hawezi kulishikilia joto lake mwenyewe. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale usawa wa mgongo wake, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka atoke manyoya ya kweli. Bukene iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Hesabu ya kati ya 15 na 35 ni hesabu ya mlezi, naye lazima aifanye kabla boksi halijafunguliwa. Mimi niliifanya baadaye.

Nilikuwa nimeandaa taa. Dukani niliomba yenye mwanga mkali kuliko zote, nikapewa, nikaining'iniza juu ya kona ya sebule niliyoizungushia mbao. Ilipowaka, sebule iling'aa kama ukumbi wa harusi. Vifaranga wakawa wanalia tu. Baada ya nusu saa nikaweka kiganja changu chini ya ile taa. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kuota mbalamwezi.

Hapo nikajifunza jambo la kwanza. Taa za zamani zenye waya unaowaka ndani zilikuwa zinageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na ndizo wafugaji walizozitumia miaka yote. Hizi za siku hizi zimetengenezwa ili umeme usipotee kwa joto. Zinafaa kwa kusomea, hazifai kwa kulea. Atakayenunua taa ya vifaranga aiwashe hapo hapo dukani, aweke mkono chini yake, ahesabu mpaka 60. Macho yatakudanganya, kiganja hakitakudanganya.

Umeme nao haukukaa, saa nne ukakatika. Nikawasha jiko la mkaa, nikaliweka pembeni mwa zile mbao, nikatandika magazeti sakafuni, nikaenda kulala nikisikia mlio unapungua. Nilifurahi. Nilidhani wamepata joto.

Alfajiri Kulwa ndiye aliyetangulia kuamka. Akasimama mlangoni mwa chumba changu bila kusema neno.

Mkaa ulikuwa umekuwa majivu tangu usiku wa manane. Vifaranga walikimbilia kona ya kuta mbili na kupandana, wa nje wakijisukuma ndani, wa ndani wakishuka chini. Niliwainua mmoja mmoja. Wa juu walikuwa hai, macho mazito. Wa katikati walikuwa wamelowa unyevu wa pumzi za wenzao. Wa chini walikuwa bapa, wepesi, wameganda miguu ikiwa imenyooka nyuma. Walikuwa 19. Baridi haikuwaua kwa mkono wake. Waliuawa na wenzao waliokuwa wanatafuta joto lile lile. Na kati ya waliobaki, watatu miguu yao ilikuwa imepanuka huku na huku kwa kuteleza juu ya magazeti.

Doto alilia. Tuliwafukia chini ya mwembe, shimo moja, na watoto wakaweka jiwe.

Mama Mkwe alikuwa ametoka kunawa uso. Nikapiga goti.

"Mwangaluka, Mama."

"Mwangaluka, Mama Kulwa. Watoto wamelalaje?"

Alikuwa anauliza juu ya mapacha, lakini macho yake yalikuwa kwenye zile mbao. Akazitazama kitambo. "Kona," akasema. "Kiumbe mwenye baridi hutafuta ukuta, na ukuta ukikutana na ukuta mwenzake, hapo ndipo anapofia. Umewahi kuona kiota chenye kona?"

Siku hiyo hiyo niliondoa mbao. Tulisimamisha mkeka wa milala, tukauzungusha kuwa duara, tukaufunga kwa kamba. Sakafuni nikamwaga maganda ya mpunga, ambayo Bukene mashineni yanapatikana ya kumwaga, unene wa vidole vinne. Miguu ikapata pa kushika. Wale watatu nikawafunga vifundo vyao kwa uzi laini wa sufu, miguu isipanuke, na wawili wakasimama baada ya siku mbili.

Duara likawa sawa. Moto ndio nilioukosea tena, safari hii kwa upande wa pili. Hofu ya baridi ilikuwa imenijaa. Nikawasha majiko mawili, nikafunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kanga, nikajilaza kwenye kochi ili nilinde. Doto alikataa kulala chumbani, akaja kujikunja miguuni pangu.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Nilisikia kichwa kinagonga kama kinu, na mtoto analalamika tumbo. Nikataka kuinuka, magoti yakakataa. Kisha mlango ukafunguliwa kwa kishindo, baridi ikaingia kama maji, na Mama Mkwe akamburura Doto hadi barazani, akarudi kunishika mkono. Alikuwa ameamka kwenda nje, akapita mlangoni, akaona kimya kisichomridhisha. Tulikaa barazani mpaka kukapambazuka, Doto kifuani mwangu akitapika, na mimi nikihesabu pumzi zake.

Hapa nasema kwa uzito wote. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hukohoi, hushtuki, unasinzia tu. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, bado unaitoa. Jiko liwashwe nje mpaka liive, liingizwe ndani likiwa limeiva, dirisha la juu libaki wazi usiku kucha, na binadamu asilale chumba kimoja na jiko hilo. Kifaranga anafidiwa. Mtoto hafidiwi.

Na wale vifaranga, ambao kwa ajili yao nilikuwa nimeziba hewa? Walikuwa wamejibana kwenye mkeka, mbali na majiko kadiri duara lilivyowaruhusu, midomo wazi, mabawa yamelegea, wanahema. Hawakuwa na pa kwenda, maana majiko niliyaweka moja kila upande. Sita walikuwa wamekufa. Nikabaki na 77.

Simu kutoka Muscat, Omani, iliingia mchana wa siku iliyofuata. Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, tuliyecheza rede pamoja kwenye uwanja ulio karibu na stesheni, aliolewa huko miaka mingi iliyopita, na hapitishi mwezi bila kunipigia. Nilimweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo ya moto kila upande, sisi tulimfanyia mjusi."

Mtoto wake alikuwa amenunuliwa mjusi wa kufuga, yule ambaye wenye maduka humwita leopard gecko, mwenye madoa kama chui na mkia mnene anaohifadhia mafuta. Asili yake ni nchi kavu za mawe za Pakistani na Afghanistani, ng'ambo tu ya bahari kutoka Muscat; bandari ya Gwadar, iliyoko leo Pakistani, ilikuwa chini ya Omani hadi mwaka 1958. Rafiki yangu akadhani mnyama wa jirani vile, katika mji ambao joto la nje kiangazi linapita nyuzi 40, hahitaji moto. Lakini watu wa Muscat wanalala na kiyoyozi. Usiku mjusi alikuwa anapoa ndani ya kisanduku chake cha kioo, na mjusi aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni. Akaacha kula, mkia ukaanza kusinyaa.

"Tukamnunulia mkeka wa umeme," akasema, "tukautandaza chini ya kisanduku chote. Kesho yake tumbo lake limeungua, amesimama kwa vidole. Mwenye duka ndiye aliyetufundisha. Mkeka ukae chini ya theluthi moja tu ya kisanduku, na uwe na kifaa cha kuukata joto likizidi. Upande wa moto sakafu iwe nyuzi 32 hivi, upande wa pili 25. Kila upande awe na pango la kujificha. Basi. Tangu hapo hatumgusi. Akishiba anakwenda kulalia joto, akitosheka anahama. Mjusi hatengenezi joto lake, dada, lakini kulipima anajua kuliko mimi na wewe."

Niliposhusha simu nilikuwa nimeelewa kilichonishinda kwa siku mbili. Kifaranga wa siku chache ana damu ya moto kama ndege wote, ila hawezi bado kuitunza. Wiki yake ya kwanza anaishi kama mjusi: joto lake liko nje ya mwili wake, naye lazima atembee kulifuata na atembee kulikimbia. Usiku wa kwanza nilimnyima pa kulifuata. Wa pili nilimnyima pa kulikimbilia mbali.

Mama Mkwe alikuwa amesikiliza yote, maana simu ilikuwa kwenye spika. Akapepeta karanga zake kwenye ungo, kisha akaanza kuzungumza juu ya babu yake.

Babu yake alikuwa mpagazi. Sisi watu wa huku tunajua maana ya neno hilo. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, na kabla ya tawi la Mwanza linalopita hapa Bukene kukamilika mwaka 1928, bidhaa nyingi kati ya pwani, Tabora na maziwa zilipita juu ya mabega ya Wanyamwezi. Mvumbuzi Mwingereza Speke naye, alipotoka Tabora kuelekea kaskazini mwezi wa Julai 1858 na kufika Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti, alikwenda na wapagazi na walinzi wake, kipupwe kama hiki hiki.

"Babu alikuwa akituambia," Mama Mkwe akasema, "kambini moto ni mmoja, na watu wanalala kuuzunguka, miguu kwenye moto, kichwa nje. Mwenye homa anasogea, kijana anarudi nyuma. Usiku kucha watu wanasogea, wanarudi, na asubuhi wote wanaamka. Mkuu wa msafara hakumpangia mtu joto. Kila mmoja alijipimia." Akaweka ungo chini. "Kalete kile chungu changu chenye ukingo uliomeguka."

Chungu kile alikuwa nacho tangu ujana wake. Alikaa nacho barazani alasiri nzima, akakitoboa kwa ncha ya msumari, anazungusha polepole, anadondoshea maji, anazungusha tena, asikipasue. Matundu yalipofika kumi na mbili akasema yanatosha. Jioni tuliwasha jiko uani mpaka mkaa wote ukawa mwekundu, tukaliingiza ndani ya duara, upande mmoja tu, karibu na mkeka lakini lisiuguse. Tukalizungushia matofali ili kifaranga asifike kwenye moto, tukakipindua chungu juu yake, mdomo umeinuliwa kwa vipande vitatu vya tofali hewa ipite chini. Maji na chakula tukaviweka upande wa pili, kwenye ubaridi. Dirisha la juu wazi. Watoto chumba kingine.

Udongo una tabia njema. Moto wa mkaa unapanda haraka na kushuka haraka. Chungu kinaumeza ukiwa mkali na kuurudisha kidogo kidogo ukiwa umekufa. Mkaa wetu, wa miti ya miyombo, ulikuwa umezima saa tisa usiku, lakini chungu kilikuwa bado cha moto alfajiri.

Nilipiga magoti nikaweka shavu langu chini, usawa wa migongo yao, ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona siku mbili zote. Walikuwa wametapakaa. Baadhi wamelala karibu na matofali, shingo zimenyooka juu ya maganda ya mpunga kama waliopigwa, kumbe wamekolea usingizi. Baadhi wako katikati. Wachache wako kwenye maji. Mmoja aliinuka karibu na chungu, akajinyoosha bawa moja na mguu mmoja, akatembea hadi kwenye chakula, akadonoa mara tatu, akarudi kwa wenzake akajipenyeza. Na sauti yao ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ni mnong'ono mlaini, kama wanawake wanaochambua mchele huku wakizungumza.

Tangu siku hiyo sikuhitaji kipimajoto, ingawa ninacho, na mwenye nacho akitumie. Vifaranga wenyewe wanakwambia. Wakirundikana chini ya moto na kulia, ongeza. Wakiukimbia moto na kuhema midomo wazi, punguza. Wakijazana wote upande mmoja usio na moto, tafuta upepo unapopenya, kwani hawajaukimbia moto, wameukimbia upepo. Wakitawanyika na kunong'ona, zima taa ukalale.

Wiki ya pili Mama Mkwe alituongezea kinengunengu. Hiki ni kifaa ambacho wafugaji wa nchi hii wamekitumia bila umeme wala mkaa: kisanduku chenye sehemu mbili, moja ya giza ya kulalia, iliyotandikwa majani makavu na kufunikwa gunia, nyingine ya mwanga ya kulia na kunywea, na katikati kijilango. Hakuna moto ndani yake. Vifaranga wanapoingia gizani, joto la miili yao linanaswa na yale majani, na akitosheka kifaranga anatoka mlangoni. Nilikiangalia nikakumbuka kisanduku cha kioo cha Muscat, pango la moto huku na pango la ubaridi kule. Mama Mkwe hajawahi kumwona mjusi yule, wala mwenye duka yule hajawahi kuona kinengunengu, na wamejenga nyumba moja.

Siku ya saba tuliwapa chanjo ya mdondo, na ya Gumboro ikafuata kwa ratiba ya bwana mifugo. Wakachangamka, wakatoka manyoya ya mabawa, kisha ya mgongo. Wiki ya tano chungu kikarudi barazani. Watatu tuliwapoteza katikati ya safari, akiwemo yule mmoja ambaye miguu yake haikunyooka. Waliofika sokoni na bandani ni 74. Ada ililipwa. Mabati bado, yatakuja na kundi lijalo.

Boksi la karatasi sikulitupa. Liko juu ya kabati, vyumba vinne, matundu pande zote, na Doto huhifadhi humo madaftari yake.

Chungu ndicho kisichokaa nyumbani. Kimekwenda kwa jirani wa mbele, kikarudi. Kimekwenda kwa mwalimu mwenzangu ng'ambo ya reli, kikarudi na ufa mdogo ambao Mama Mkwe ameuziba. Juzi jioni amekuja binti mmoja aliyeagiza vifaranga 50, mara yake ya kwanza, ameshika kanga mpya ya kukifungia.

"Mwadila, Bibi," akamsalimu Mama Mkwe akiwa amepiga goti.

"Mwadila, mjukuu wangu."

Mama Mkwe alikifunga chungu kwa mikono yake, akamkabidhi. Binti aliuliza akiweke katikati ya banda, ili wote wapate sawa.

"Hapana," Mama Mkwe akamwambia. "Kiweke upande mmoja. Nusu ya nyumba iache bila moto."